Volti 12.6 hazitoshi: kupima betri ya mtumba kabla ya kutoa fedha

Betri ya gari iliyochoka, ikilala kwenye chaja usiku kucha, asubuhi inaweza kusoma volti 12.6 sawasawa na betri mpya. Mnunuzi wa betri za mtumba hapa Usevya alishike hilo kabla ya jingine lolote, kwa sababu mauziano mengi yanaishia palepale: muuzaji anagusisha mita, namba inatokea, mnunuzi anaridhika, fedha inatoka. Namba hiyo haidanganyi. Inaeleza betri imejazwa kiasi gani asubuhi hiyo. Kwamba inaweza kubeba kiasi gani, na kama itazungusha stata ya Hilux ya dizeli alfajiri ya Juni, hayo mita haiyasemi. Chaji ni jambo la usiku mmoja, na uzima wa betri ni jambo la miaka yote iliyopita.

Usevya, bondeni huku Mpimbwe, betri haihitajiki na wenye magari peke yao. Mkoa wa Katavi ulikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, Mpanda mjini ikitegemea majenereta ya mafuta ya TANESCO, na vijijini watu wakajifunza kuishi kwa paneli ya sola juu ya bati na betri moja chini ya meza. Taa, redio, runinga, chaji ya simu za majirani, vyote vinaning'inia hapo. Ndiyo maana betri moja huku huishi maisha mawili: huanza kwenye Fuso ya kubeba mpunga au kwenye trekta, na siku inaposhindwa kuwasha injini hupelekwa nyumbani kwa mtu kuwasha taa. Mpunga ukishauzwa na fedha ikaingia mfukoni, ndipo wanunuzi wanapoongezeka na ndipo kila betri iliyokuwa imelala stoo inapofutwa vumbi.

Hasara nayo haiishii kwenye bei. Barabara ya kutoka huku kwenda Mpanda inapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kati ya Kibaoni na Sitalike. Gari likizimika humo na betri ikagoma, abiria wanatakiwa washuke wasukume mahali penye nyati, tembo na simba, huku mbung'o wakiwauma. Mwenye Noah ya abiria anayefunga betri asiyoijua anawabebesha watu wengine hatari ambayo hawakukubaliana naye.

Tuanze na jinsi betri inavyokufa, kwa sababu vipimo vyote vinatoka hapo. Aina hii ya betri ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika: pleti za risasi zilizozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Ya volti 12 ina seli sita, kila seli volti 2.1 hivi ikiwa imejaa. Umeme unapotoka, salfa inaiacha asidi na kuganda juu ya pleti. Unapochajiwa, salfa inarudi kwenye asidi. Betri ikiachwa bila chaji kwa wiki na miezi, ule utando laini wa salfa unageuka fuwele ngumu ambazo chaja haiwezi kuziyeyusha tena. Eneo la pleti linalofanya kazi linapungua. Sehemu iliyobaki nzima inajaa haraka na inasoma volti nzuri kabisa, lakini ni ndogo.

Hapa ndipo penye sifa moja ya sokoni inayopaswa kumtia mnunuzi wasiwasi: "Haijatumika sana." Trekta la kulimia mpunga linafanya kazi mvua za kwanza zinaponyesha, Novemba hadi Januari, kisha linaegeshwa miezi mingi. Kama mwenyewe hakuliwasha mara kwa mara wala kuchomoa betri na kuichaji, betri ile imeharibika ikiwa imesimama. Kati ya betri ya Noah iliyopiga kazi kila siku kwa miaka miwili na ya trekta iliyolala miezi minane bila kuguswa, mimi ningeanza kuipima ya Noah.

Joto linafanya kazi yake pia. Kanuni inayofuatwa na mafundi duniani kote ni kwamba joto la betri likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi na kubaki hapo, umri wake unakaribia kupungua nusu. Bonde la Rukwa lina joto, Oktoba ndiyo usiseme, na chini ya boneti joto huzidi la hewa ya nje. Miaka ambayo mtengenezaji wa nchi ya baridi ameiandikia betri yake haiwezi kufika huku. Muuzaji akikuambia betri ina miaka mitatu tu, ihesabu kama mzee.

Sasa upimaji. Macho kwanza, na macho hayachukui muda. Kasha lililovimba ubavuni limepitia joto kali au chaji ya kupita kiasi, liache. Kichwa cha betri kinachocheza ukikishika, ufa uliozibwa kwa lami au gundi, kifuniko kilichofunguliwa kikachomwa upya kwa moto, hayo yote yanatosha kukuondoa pale. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa si ugonjwa mkubwa, unasafishwa kwa maji ya moto na magadi. Tafuta tarehe. Watengenezaji wengi hugonga mwezi na mwaka kwenye kifuniko au kwenye kichwa, kila mmoja kwa namna yake, na ikiwa sehemu hiyo imekwanguliwa au lebo ni mpya kuliko kasha, ujue kuna kilichofichwa. Kisha inyanyue. Betri ya ukubwa wa N70 yenye asidi yake ina uzito wa kilo 17 hadi 20 hivi. Ikiwa nyepesi kuliko mwenzake wa aina ileile, maji yamepungua au pleti zimemomonyoka.

Muulize muuzaji kwa adabu, lakini umuulize: "Mzee, betri hii ilitoka kwenye gari gani, lini, na tangu siku hiyo imekaa wapi?" Anayeijua betri yake atakujibu bila kutafuta maneno.

Kama ina vifuniko vya kufungua, haidromita, inayopima uzito wa asidi ukilinganisha na wa maji, itakuambia mengi kuliko mita ya volti, na bei yake ni ndogo mno kwa fundi au dereva yeyote kukosa kuwa nayo. Betri iliyojaa inasoma karibu 1.265 hadi 1.280 katika kila seli. Nusu ya chaji ni karibu 1.190, iliyoisha ni 1.120. Namba moja moja hazina maana kubwa kama tofauti zake. Pima seli zote sita na uandike. Tano zikisoma 1.260 na moja ikasoma 1.200, hiyo moja inakufa, na betri nzima itaifuata. Tofauti ya 0.050 kati ya seli ya juu na ya chini inatosha kuikataa betri. Tazama na rangi ya asidi ndani ya kioo: safi kama maji ni nzuri, ya kahawia au nyeusi ina unga wa pleti uliomomonyoka, na unga huo ukirundikana chini unaunganisha pleti na kuua seli. Seli moja ikishakufa kabisa, betri iliyochajiwa itasoma karibu volti 10.5 na haitavuka hapo hata ukiichaji wiki nzima.

Hata haidromita inaweza kuzungukwa. Kuna wanaomwaga asidi ya zamani na kujaza mpya yenye nguvu, na kuna wanaotia chumvi ya magnesi wakisema wameifufua betri. Kipimo kitapanda, pleti zitabaki zilezile. Baadhi ya betri zisizofunguliwa zina kijicho cha rangi juu yake, kijani kikimaanisha nzuri, na watu wanakiamini mno. Kijicho hicho kinaangalia seli moja tu kati ya sita.

Kwa hiyo betri ipimwe ikiwa kazini. Hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Anza kwa kuiondolea chaji ya juujuu. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi inaweza kusoma volti 13 na zaidi, na hiyo ni povu tu. Washa taa kubwa za gari kwa dakika tatu au tano, zima, subiri dakika kumi, ndipo upime. Volti 12.6 au 12.7 ni chaji kamili, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Ikiwa chini ya 12.4, mwambie muuzaji aichaji kwanza, maana kuipima kazini betri yenye njaa ni kuionea.

Ikishajaa, ifunge kwenye gari utakalolitumia, au lenye injini ya ukubwa uleule. Mtu mmoja ashike mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye klipu za waya, na mwingine apige stata. Angalia namba ya chini kabisa wakati injini inazunguka. Kwa betri ya volti 12 isishuke chini ya 9.6. Mara moja haitoshi. Zima, pumzika dakika moja, piga tena, kisha mara ya tatu. Betri nzima itatoa namba zinazokaribiana, mathalani 10.6, 10.5, 10.4. Iliyochoka itaanza na 10.2, ifuate 9.5, halafu 8.7, na masikio yako yatakuwa yameshasikia stata inavyolegea. Huo mteremko ndio unaoutafuta, na asubuhi moja ya chaji haiwezi kuuficha. Mpanda mjini, kwenye maduka ya betri na baadhi ya gereji, ipo mashine ya kupimia inayobana betri kwa mzigo mkubwa kwa sekunde 15. Ukiipata, itumie. Ukiikosa, stata ya gari ni mashine tosha.

Injini ikishawaka, pima tena. Volti kati ya 13.8 na 14.5 zinaonyesha kwamba oltaneta inachaji vizuri. Nimeweka hili kwa sababu watu wengi wanabadilisha betri ilhali mgonjwa ni oltaneta, kisha betri nyingine nayo inaishiwa baada ya siku mbili na muuzaji analaumiwa bure.

Ukiweza, fanya na jambo la tatu: kuilaza. Betri iliyojaa ichomolewe kila kitu, ipimwe jioni baada ya kutulia, ipimwe tena asubuhi. Iliyo nzima haipotezi kitu cha kuonekana kwa usiku mmoja. Iliyoanza na 12.6 ikaamka na 12.3 inajila yenyewe ndani. Mtaani kwetu wauzaji na wanunuzi wanajuana, kwa hiyo kuomba kurudi kesho si jambo la aibu. Muuzaji anayekataa betri yake ilale kwa jirani mnayemwamini wote wawili amekwisha kukujibu.

Wenye vibanda vya kuchaji betri wanajua kitu kingine ambacho wanunuzi hawawaulizi. Betri ya N70 iliyoisha nusu, kwenye chaja ya ampea saba, inahitaji saa tano au zaidi ili ijae. Ikijaa ndani ya saa moja, ikachemka na kupata moto, basi nafasi ndani yake imekwisha. Mwenye kibanda ambaye ameichaji betri hiyo mara kadhaa anaifahamu kuliko mwenyewe. Nenda ukamuulize.

Mnunuzi wa sola ana hesabu tofauti, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndiye anayeumizwa zaidi. Betri ya gari ina pleti nyembamba na nyingi, zilizotengenezwa kutoa umeme mkubwa kwa sekunde chache kisha kujazwa papo hapo na oltaneta. Runinga na taa zinaivuta pole pole usiku kucha hadi iishe, na pleti nyembamba hazivumilii hilo. Za sola zenyewe zina pleti nene. Kwa hiyo betri ambayo haikuweza kuwasha Fuso haigeuki kuwa nzuri kwa sola kwa sababu tu mzigo wa nyumbani ni mdogo. Kuipima, stata haihitajiki. Funga balbu moja ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, kwenye betri iliyojaa, uiache iwake saa tatu. Hapo imetumia ampea-saa 13 au 14, yaani sehemu moja ya tano ya N70 iliyo nzima. Ukipima balbu ikiwa bado inawaka, volti isiwe chini ya 12. Ikishafika 11.5, betri hiyo imebakiwa na sehemu ndogo ya kile muuzaji alichokuuzia, na msimu wa mawingu itakuacha gizani saa mbili usiku. Ukinunua, usiiruhusu ishuke chini ya nusu.

Wenye Fuso na magari mengine ya volti 24 wana mtego wao. Betri mbili zimefungwa kwa mfuatano, na mtu akiona moja imekufa ananunua moja ya mtumba na kuiunganisha na ile iliyobaki. Dhaifu itachajiwa kupita kiasi, yenye nguvu haitajaa, na baada ya muda mfupi zote mbili zinaharibika. Nunua jozi ya umri mmoja na aina moja, uzipime kila moja peke yake, au usinunue.

Kuhusu bei, hesabu kwa mwezi. Tuseme kwa mfano mpya ni shilingi 240,000 na kwa joto letu inadumu miaka mitatu: hiyo ni kama shilingi 6,700 kwa mwezi. Ya mtumba kwa shilingi 90,000 ikidumu miezi minane inakugharimu zaidi ya shilingi 11,000 kwa mwezi, bila kuhesabu siku ambazo gari lililala. Weka bei halisi za siku hiyo na ufanye mgawanyo uleule. Msimamo wangu ni kwamba betri ya mtumba iliyofaulu vipimo vyote isizidi theluthi moja ya bei ya mpya, na iliyofeli hata kimoja ina thamani ya chuma chakavu tu. Andikishaneni: jina la muuzaji, tarehe, aina ya betri, na makubaliano ya kuirudisha ndani ya wiki mbili ikigoma. Betri usiyoifahamu asili yake, hasa zile kubwa za minara ya simu, omba risiti ya kwanza au muuziane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Kanuni ya Adhabu inamshughulikia anayepokea mali ya wizi kama inavyomshughulikia mwizi.

Na wakati wote wa kupima na kuchaji, hakuna sigara wala cheche karibu na betri inayochajiwa. Inatoa gesi ya haidrojeni, na betri hulipuka usoni kwa mtu. Asidi ikikurukia, maji mengi mara moja.

Limebaki jambo ambalo mnunuzi wa betri ya mtumba hawezi kulikwepa, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayekuwa nayo siku inapokufa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Katavi inaijua risasi: reli ya kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliofungwa miaka kumi hivi baadaye. Ila risasi inayotuhusu leo haiko Mukwamba, iko chini ya meza zetu. Betri ikipasuliwa uani, vumbi la risasi linaingia kwenye vidole na chakula cha watoto, na kwa mtoto linaharibu ubongo bila kurudi nyuma. Thiaroye-sur-Mer, nje ya Dakar, watoto 18 walifariki kuanzia Novemba 2007 hadi mwanzoni mwa 2008 mahali ambapo wazazi walikuwa wakichekecha risasi ya betri chakavu. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofunguliwa mwaka 2007 kiliwatia sumu wakazi waliokizunguka. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Betri yako ikikufia, usiipasue, usiimwage asidi kwenye mfereji unaopeleka maji jarubani, na usimpe kijana wa vyuma chakavu anayetaka kuifungua palepale uani. Iache ikiwa nzima na asidi yake ndani, iwekwe mbali na watoto, na uiuze kwa mnunuzi mwenye kibali cha NEMC, wasimamizi wa mazingira, au uirudishe kwenye duka la betri unaponunua nyingine. Maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei.